Naanza kazi kampuni ya wahandisi washauri Unguja, upande wa miundo: nishike nini kwanza?

Binti_Wete

Assalaam aleikum wakubwa zangu. Nimemaliza digrii ya uhandisi ujenzi na mwezi ujao naanza kwenye kampuni ndogo ya wahandisi washauri hapa Unguja. Tutakuwa wahandisi wanne pamoja na bosi. Kazi zao nyingi ni hoteli za ukanda wa mashariki, nyumba za ghorofa za mjini, na mara mojamoja matengenezo ya nyumba za Mji Mkongwe.

Chuoni tumekokotoa bimu moja moja na nguzo moja moja. Nataka kujua kazi yenyewe inakwendaje siku hadi siku, mhitimu hukosea wapi zaidi, na habari ya usajili ikoje kwa anayefanya kazi Zanzibar. Na programu gani niikamate mwanzo? Wenzangu wanasema bila ETABS huna kazi. Ahsanteni.

---

Mzee wa Mahesabu

Wa aleikum salaam, mwanangu. ETABS utaifundishwa kwa wiki mbili na utaizoea kwa miezi mitatu. Kinachokosekana kwa wahitimu ni kufuata mzigo kutoka paa mpaka msingi kwa kalamu na karatasi. Anza hapo, kompyuta itakungoja.

Chukua jengo la kawaida la Mwanakwerekwe: chini na ghorofa tatu, nguzo kila mita 5 kwa mita 5. Nguzo ya katikati inabeba mita za mraba 25 za kila slabu. Slabu ya milimita 150 ina 3.6 kN (kilonewton; kumi ni kama tani moja) kwa mita ya mraba (unene 0.15 × uzito wa zege 24). Ongeza vigae na plasta, kuta za ndani na uzito wa bimu, chukulia jumla 7.5. Mzigo wa matumizi kwa nyumba ya kuishi ni 1.5. Kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya kubuni zege, vigezo vya usalama ni 1.4 na 1.6, na unapata 1.4 × 7.5 + 1.6 × 1.5 = 12.9. Zidisha kwa 25 upate 322.5 kN kwa slabu moja, na slabu zilizoning'inia ni nne ukihesabu ya paa: 1,290 kN. Uzito wa nguzo yenyewe kwa mita 12 unaongeza kama 36. Jumla 1,326.

Sasa nguzo ya 300 kwa 300, zege daraja C30, nondo nne za milimita 20. Fomula fupi ya nguzo, kwa nguvu ya zege 30 na ya nondo 460: zege 0.35 × 30 × eneo 90,000 ni 945 kN, na nondo, eneo 1,257 × 0.67 × 460, ni 387 kN. Jumla 1,332. Imepita kwa kN 6! Mhitimu atafurahi na kuandika "sawa". Halafu mwenye nyumba, kwa kuwa maji ya bomba hayana uhakika, anapandisha tangi la lita 5,000 juu ya nguzo ileile. Hizo ni tani 5, yaani kN 50, na ukizidisha kwa kigezo cha usalama unapata 70 hadi 80. Nguzo imeshashindwa, na wewe hukujua kwa sababu tangi halikuwemo kwenye mchoro wa msanifu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa msanifu na mwenye mali, kabla ya kufungua programu yoyote, ni hili: matangi yatakaa wapi, mangapi, ya lita ngapi? Hoteli ikitaka manne ya lita 5,000 kwenye eneo la mita 4 kwa 4, hapo una 12.5 kN kwa mita ya mraba, wakati paa la kutembelea huwa tunalihesabia 1.5 tu. Matangi hayakai juu ya slabu tupu. Yanataka bimu zake zinazoshuka moja kwa moja kwenye nguzo.

Ukishaingia ETABS, kila mara linganisha jumla ya mizigo kwenye misingi na jumla uliyoipata kwa mkono. Zikipishana zaidi ya asilimia 5, usiendelee. Kosa ninaloliona kuliko yote ni uzito wa slabu kuingizwa mara mbili: programu imeuhesabu yenyewe, na mtu kauandika tena pamoja na vigae. Hilo angalau linaelemea upande wa usalama. Baya ni la pili, ukuta wa matofali juu ya bimu uliosahaulika. Tofali la inchi 6 kwa urefu wa mita 3, na plasta pande zote mbili, halipungui kN 9 kwa kila mita ya bimu.

---

Injinia wa Saiti

Dada, hapo juu umepewa elimu ya mezani. Mimi nakupa ya chumvi.

Kwa hoteli za Paje, Jambiani au Matemwe, jambo la kwanza la kuangalia kwenye mchoro ni kava, yaani unene wa zege unaofunika nondo. Ofisi nyingi zina maelezo ya jumla yanayonakiliwa kutoka mradi hadi mradi: "zege C25, kava 25". Fungua BS 8110, jedwali la 3.3. Kwa C30, kava ya milimita 25 inaruhusiwa kwa mazingira mepesi tu. Sehemu inayopigwa na rasharasha za bahari inataka milimita 50 kwa C40. C25 haimo kabisa.

Kwa nini? Chumvi inapenya kwenye zege mpaka ifike kwenye nondo. Kutu inayotokea inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, zege halina pa kwenda, linapasuka. Utaona ufa unaofuata nondo kwa urefu, halafu doa la rangi ya kahawia, halafu kipande kinaanguka. Ukiona ufa wa namna hiyo kwenye nguzo, kuupaka plasta ni kuuficha ugonjwa. Linavunjwa mpaka nyuma ya nondo, kutu inasuguliwa, na nondo iliyoliwa sana inaongezewa nyingine pembeni.

Chumvi haitoki hewani tu. Inaingia kwa mchanga wa pwani, kwa maji ya kisima cha karibu na ufukwe, na kwa nondo zilizolala mchangani miezi miwili zikingoja fedha za mwekezaji. Kiwango cha kloridi kwenye zege lenye nondo kisizidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Peleka mchanga maabara. Maji ya kisima kwanza yaonje: yakiwa na chumvi mdomoni hata vipimo huhitaji, yakatae. Na usisahau kwamba maji yaleyale ndiyo vibarua watakayomwagilia zege siku saba. Watu hukoroga kwa maji ya boza, kisha wanamwagilia kwa maji ya kisima!

Kokoto nazo ziangaliwe. Za mawe ya matumbawe ni laini na zinakunywa maji, kwa hiyo fundi anaongeza maji ili zege lilainike, na nguvu inashuka. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa maji 0.45 unataka lita 22.5 tu, yakiwemo maji yaliyomo kwenye mchanga uliolowa mvua ya masika. Ukiona mtu anamimina kwa mpira bila ndoo ya kupimia, simamisha kazi.

---

Chokaa na Boriti

Niongeze la Mji Mkongwe, maana huko kila kitu ulichosoma chuoni kinageuka.

Kwanza lugha. Ukimwambia fundi wa mjini "boriti", anaelewa mti wa mkoko, si bimu ya zege. Kwenye ripoti andika wazi unakusudia kipi. Vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti hizo hazipiti mita 3 hivi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene sana, na hazina nondo hata moja. Zinasimama kwa uzito wake na kwa kufungwa na sakafu.

Ugonjwa mkubwa uko kwenye kichwa cha boriti, pale kilipoingia ukutani. Katikati ya chumba mti unaonekana mzima, ndani ya ukuta umeoza. Huwezi kuona kwa macho. Gonga kwa nyundo usikie sauti, kisha choma kwa bisibisi nyembamba. Ikizama sentimita 2 bila nguvu, hiyo boriti imekwisha. Na karibu kila mara juu yake kuna choo kilichowekwa baadaye, na slabu ya zege imemwagwa juu ya sakafu ya zamani. Yaani mzigo umeongezwa juu ya mti, kisha mti ukamwagiwa maji.

La pili, plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka chini unanaswa ndani, chokaa inageuka unga, na nje ukuta unang'ara kwa rangi mpya. Kwenye mapendekezo yako andika chokaa, na usimamie iwe chokaa kweli.

Beit al-Ajaib, jengo la 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 wakati wa matengenezo, na watu walifariki. Kwa hiyo ukipewa nyumba yenye nyufa, anza na egemeo: mirunda au sapoti za chuma, kutoka ghorofa ya juu mpaka chini kabisa, zikiwa zimepangana kwenye mstari mmoja. Sapoti ya ghorofa ya pili inayosimama katikati ya sakafu ya ghorofa ya kwanza bila kitu chini yake inahamisha tatizo tu. Kisha bandika kipande cha plasta ya jasi juu ya ufa, andika tarehe juu yake, na kipime kila wiki. Kikikatika, nyumba inatembea. Na kazi yoyote huko inapitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, hata kama ni kubadilisha dirisha.

---

Mhandisi_Chake

Kuhusu usajili, maana hakuna aliyegusa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ni ya Bara. Zanzibar ina bodi yake inayosajili wasanifu majengo, wahandisi na wakadiriaji majenzi kwa pamoja. Ukisajiliwa upande mmoja usidhani umeshasajiliwa na wa pili. Kwa mtu anayetaka kuhama huku na huku, ni vizuri kujiandaa kwa zote.

Mpango wa mafunzo kwa vitendo wa ERB, ule wa SEAP ulioanza 2003, ni wa miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Hata usipoingia kwenye mpango wenyewe, fuata mtindo wake: daftari la kazi tangu siku ya kwanza. Usiandike "nilisaidia kubuni hoteli". Andika "nilikokotoa slabu ya ghorofa ya 2, mhimili A hadi D, kava 50, C40, nikakaguliwa na fulani, nikarekebisha nondo za juu". Kila wiki, na sahihi ya msimamizi wako kabla hajasahau. Watu wanafika mwaka wa tatu ndipo wanakaa kutunga.

Kabla hujaanza, uliza jambo moja: anayekusimamia amesajiliwa? Kama hajasajiliwa, sahihi yake kwenye daftari haitakufaa. Na wewe kama mhitimu hupigi muhuri mchoro wowote, hata wa uzio. Rafiki akikuomba "unisainie tu", jibu ni hapana.

Halafu kwa ndugu zangu wa juu: mnamfundisha BS 8110 kama kwamba ndiyo sheria. Ilifutwa huko kwao Uingereza mwaka 2010. Ajifunze na Eurocode, kanuni ya Ulaya.

---

Mzee wa Mahesabu

Kweli, imefutwa. Lakini bado inatumika sana Afrika Mashariki, na michoro ya zamani atakayopewa kukagua mingi ni ya BS. Azijue zote mbili, asizichanganye ndani ya hesabu moja. Eurocode ni 1.35 na 1.5, BS ni 1.4 na 1.6. C30 ya BS ni nguvu ya mchemraba. Eurocode wanaandika C25/30, namba ya kwanza ni ya silinda. Mtu akichukua 30 ya mchemraba akaiweka mahali pa silinda kwenye fomula, amejipa asilimia 20 ya nguvu isiyokuwepo.

---

Fundi Mchoro

Wote mmeruka kitu ambacho atakifanya kuliko vyote mwaka wa kwanza: michoro ya nondo na orodha ya kukata. Hiyo ndiyo bidhaa ya ofisi. Mkandarasi hasomi mahesabu yako.

"24Y12-05-150 B1" maana yake nondo 24, za chuma cha nguvu kubwa (Y), za milimita 12, alama ya 05, kila milimita 150, chini, tabaka la nje. Kosa moja kwenye tarakimu ya mwisho, na nondo za upande mfupi zinakaa juu ya za upande mrefu.

Nondo zinauzwa kwa mita 12. Ukiandika vipande vya mita 5.2, kila nondo inatoa viwili na mita 1.6 inabaki chakavu. Panga mpishano (pale nondo mbili zinapopishana ili ziungane) upate mita 6 au 4, zisibaki. Mpishano wenyewe usipungue mara 40 ya kipenyo (ya 16 ni milimita 640), na usizikutanishe zote mahali pamoja. Uzito kwa mita: kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa 162. Ya 12 ni kilo 0.89, ya 16 ni 1.58. Mkadiriaji majenzi atakupenda ukimpa jumla sahihi.

Vibaraza vya hoteli vinavyotokeza vinataka jicho la pekee. Nondo kuu ziko JUU. Slabu ya milimita 175 yenye kava 40 na nondo ya 12 ina kina cha 129, kutoka chini ya slabu hadi katikati ya nondo. Vibarua wakipita na makarai wakazikanyaga zikashuka milimita 40, kina kinabaki 89, na karibu theluthi moja ya nguvu imepotea kabla zege halijakauka. Kwa hiyo chora viti vya kuzinyanyua kila milimita 800 na viingie kwenye orodha ya kukata. Ukiviacha "fundi atajua", fundi ataweka mawe. Na nondo hizo zirudi ndani ya slabu ya nyuma angalau mara moja na nusu ya urefu wa kibaraza.

Kila ukibadilisha mchoro, ubadilishe nambari ya toleo na tarehe, na kusanya nakala za zamani saiti. Fotokopi ya toleo la kwanza iliyobandikwa kwenye banda la fundi nondo imeshavunjisha nguzo nyingi.

---

Injinia wa Saiti

Hapo umenena. Na siku ya kumwaga zege dada uwepo wewe mwenyewe. Kabla: hesabu nondo, pima kava kwa utepe, tazama kama fundi bomba hajatoboa nafasi ya bomba la inchi 4 kwenye bimu karibu na nguzo, maana hapo ndipo nguvu ya mkato ilipo kubwa. Wakati wa kumwaga: koni ya slampu ya kupima ulaini wa zege, milimita 300 kwa urefu, tabaka tatu, mapigo 25 kila tabaka. Michemraba sita ya zege ya milimita 150 ya kupimia nguvu, mitatu ya siku 7 na mitatu ya siku 28. Siku ya 7 tegemea kama theluthi mbili ya nguvu. Isilale juani. Iingie kwenye maji baada ya kutolewa kwenye fomu, na iandikwe tarehe na sehemu ya jengo. Mchemraba usiojulikana ulitoka nguzo gani hauna faida.

---

Binti_Wete

Nimeshukuru sana, nimeandika yote. Maswali mawili ya mwisho. Nimeonyeshwa mradi nitakaoanza nao, uko Jambiani, na maelezo ya jumla ni yaleyale aliyoyasema Injinia: C25, kava 25. Mimi mgeni ofisini, nitamwambiaje bosi? Na pale ardhi ni maweni, mwamba unaonekana juu. Wanasema msingi hauna wasiwasi. Kweli?

---

Mzee wa Mahesabu

Usimwambie mbele ya mteja wala kwenye kikao. Andika ukurasa mmoja: jedwali la 3.3, mazingira ya jengo, umbali kutoka maji kujaa, na mistari miwili ya kulinganisha. Kisha uweke na gharama, maana ndiyo swali lake la kwanza: kava ikitoka 25 kwenda 50 kwenye nguzo ya 300, kiini kilichobaki ndani ya ringi kinapungua, kwa hiyo kokotoa tena au pendekeza 350. Mpe usiku, asubuhi muulize: "Bosi, naomba unisahihishe hapa." Kama ana sababu utajifunza, kama hana atabadilisha mwenyewe na heshima yake iko palepale. Akikataa, weka karatasi yako yenye tarehe kwenye faili la mradi.

---

Chokaa na Boriti

Maweni usidanganyike. Mwamba wa matumbawe una mapango, na ukanda wote huo hadi kusini umejaa. Ukoko wa juu unaweza kuwa mgumu kama chuma na chini yake ni utupu au udongo mwekundu uliojaa kwenye shimo. Kwa nguzo ile ya Mzee, mzigo bila vigezo ni kama kN 926. Kwa ardhi inayobeba 200 kPa (kN 200 kwa mita ya mraba), ukijumlisha na uzito wa msingi wenyewe, msingi ni mita 2.3 kwa 2.3. Kwa udongo wa mfinyanzi wa 100 kPa, kama utakaoukuta sehemu nyingi kwenu Pemba, unafika mita 3.3. Kwenye mwamba watu hushawishika kuufanya wa mita 1.2, na hapo mzigo wote unakaa juu ya eneo dogo ambalo huenda ni paa la pango.

Toboa. Kila msingi wa nguzo, tundu moja la mashine angalau mita 3 chini ya kitako cha msingi, na mwangalie anayetoboa: chuma kikizama ghafla bila kukata, au vumbi likiacha kutoka, umepata tupu. Andika kina chake hapo hapo. Dogo linasafishwa na kujazwa zege lenye saruji kidogo. Kubwa, hamisha nguzo au unganisha misingi kwa bimu nzito inayovuka. Waulize na wazee wa kijiji pango la karibu liko wapi na kisima chao kina urefu gani, kabla ya mashine kufika.